Usukani wa Gemu Ukiacha Kuvuta: Pima Kabla ya Kuilaumu Mota

Usukani wa gemu za mbio ukipoteza nguvu, hukumu hutolewa haraka: mota imekufa. Mtu anautia kwenye mfuko, anashuka nao hadi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi, anauweka juu ya kaunta na kusema, "Fundi, mota imeungua, nitafutie nyingine." Mara nyingi mota hiyo ni nzima kabisa. Kilichokufa ni adapta, au kipande cha plastiki kidogo kuliko sarafu, au transista moja, yaani swichi ndogo ya umeme, kwenye bodi. Wakati mwingine hakuna kilichokufa. Kuna mpangilio uliovurugika ndani ya kompyuta.

Jambo hili linaniuma kwa sababu spea za sukani hizi haziko kila duka Nairobi. Mota mbadala huagizwa nje: unalipa usafiri, unalipa ushuru, unasubiri. Ikifika ukaifunga na usukani ukabaki vilevile, pesa zimekwenda na ugonjwa bado huujui. Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya bei ya chini na saa moja ya utulivu vitakueleza ukweli kabla hujatoa hata shilingi.

Nguvu inatoka wapi

Unapocheza, gemu inakokotoa jinsi matairi ya mbele yanavyosukumana na barabara, kisha inatuma hesabu hiyo kwenye usukani kupitia waya wa USB. Ndani ya usukani kuna chipu inayoamua mkondo wa umeme kiasi gani upite kwenye mota, na kwa upande upi. Chipu haiwezi kuisukuma mota yenyewe, kwa hiyo inaamrisha transista nne za nguvu zilizopangwa kwa umbo la herufi H, mota ikiwa katikati. Zikifunguka mbili za mshazari, mota inazunguka kulia. Zikifunguka mbili nyingine, inazunguka kushoto. Nguvu inapitia kwenye gia au mkanda hadi mikononi mwako. Papo hapo enkoda inahesabu usukani umezunguka kiasi gani na kuirudisha hesabu hiyo kwa chipu na kwa gemu, ili nguvu inayofuata ikokotolewe upya.

Huo ni mduara, na ndio unaoleta utata. Ukikatika mahali popote, mikono yako inahisi kitu kilekile: usukani umelegea. Dalili ndogondogo ndizo zinazoonyesha umekatikia wapi.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, jua usukani wako ni wa aina gani. Logitech G25, G27, G29 na G920 hutumia mota mbili za kaboni, yaani zinazopokea umeme kupitia vipande vya kaboni vinavyosugua shaba, na zinazosukuma gia. Thrustmaster T300 ina mota moja isiyo na kaboni inayovuta mkanda. Aina ya tatu haina gia wala mkanda. Usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, kama ilivyo Fanatec CSL DD au Moza R5. G29 hutoa nguvu ya kama nyutoni-mita 2 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Logitech G Pro, ambayo haina gia wala mkanda, inafika 11. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa unapoweka mikono karibu na usukani ulioharibika.

Anza na adapta

Usukani una njia mbili za umeme. Waya wa USB unalisha chipu na vitufe. Bandari ya kawaida ya USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, kiasi kisichoweza kusukuma mota ya aina hii. Nguvu ya mota hutoka kwenye adapta ya ukutani. Ndiyo maana sukani nyingi za gia huonekana nzima kwenye kompyuta hata adapta ikiwa imekufa. Vitufe vinafanya kazi, gari kwenye skrini linakata kona, lakini mikononi hakuna kitu. Mwenye usukani anasema, "Kila kitu kiko sawa ila mota." Fundi mwenye uzoefu anauliza kwanza, "Adapta yake iko wapi?"

Hapa Nairobi swali hilo lina uzito wa pekee. Sukani nyingi huja za mtumba, na adapta hupotea njiani. Muuzaji anatafuta yoyote ambayo plagi yake inaingia. Nyingine ilikuwa ya laptopu, volti 19. Nyingine ilikuwa ya ruta, volti 12. Adapta za sukani za gia za Logitech ni za volti 24. Ukiulisha usukani wa volti 24 kwa volti 12, utawaka, utajikokota wakati wa kujipima, kisha utakuwa dhaifu kiasi cha kukufanya uamini mota imechoka.

Hatari kubwa zaidi iko kwa zilizotoka Japani. Umeme wa nyumbani kule ni volti 100. Wetu ni 240. Soma kibandiko cha adapta, mstari wa umeme unaoingia. Ukikuta 100–240V, haina shida. Ukikuta 100V peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Soma pia alama ya plagi inayoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Ikigeuzwa, unaweza kuua bodi kwa sekunde moja.

Baada ya kusoma, pima. Weka multimita kwenye volti za DC, gusa ndani na nje ya plagi. Adapta ya volti 24 ionyeshe 24 au karibu na hapo. Lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kapasita za ndani, yaani vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, zikikauka, adapta huonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha huporomoka mota ikidai mkondo, kama bomba la ghorofa ya juu linalotoka vizuri usiku na kubaki kudondoka asubuhi wapangaji wote wakifungua maji. Ipe mzigo. Balbu ya lori ya volti 24 na wati 21, inayopatikana kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, inakula karibu ampea 0.9. Kama kibandiko kinasema adapta yako inaweza kutoa zaidi ya hapo, iunganishe na balbu huku ukitazama mita. Inaweza kusita kwa nukta moja kwa kuwa waya wa balbu bado baridi, kisha ishike. Ikiteremka hadi 15 na kubaki huko, ugonjwa umeupata na usukani hujaufungua.

Kama una shaka kuwa adapta ina usemi mkubwa hivyo, itazame CSL DD. Mota ni ileile moja, lakini kwa adapta ya wati 90 inatoa nyutoni-mita 5, na kwa adapta ya wati 180 inatoa 8.

Usukani unapojipima, tazama

Ukishaunganisha umeme na USB, usukani huzunguka wenyewe hadi mwisho wa upande mmoja, ukarudi hadi mwisho wa mwingine, kisha ukasimama katikati. Huko ni kujipima, na hakuna kipimo cha bure kinachokupa habari nyingi kuliko hicho. Ondoa mikono, tazama na usikilize. Sukani zisizo na gia wala mkanda kwa kawaida hazifanyi hivi, kwa hiyo maneno haya ni ya gia na mkanda.

Ukizunguka vizuri, kwa nguvu na bila kusita, ukasimama katikati, mduara mzima ni mzima: adapta, bodi, mota na enkoda. Kama kwenye gemu bado hakuna nguvu, acha bisibisi. Nenda kwenye mipangilio ya gemu uone kama kiwango cha nguvu kimeshuka hadi sifuri au gemu imechagua kifaa kingine. Toa usukani kwenye kigawanya USB uuchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Sakinisha upya programu ya mtengenezaji.

Usipozunguka kabisa, rudi kwenye adapta, kisha uende kwenye viunganishi vya ndani na mota.

Ukizunguka ukagota mwisho wa upande mmoja na kuendelea kukaza bila kurudi, shuku enkoda. Chipu inasukuma ikingoja hesabu ibadilike, hesabu haibadiliki, kwa hiyo inaendelea kusukuma. Ukijipima vizuri lakini ukasimama pembeni, au katikati ikahama kadiri unavyocheza, hiyo pia ni enkoda, na huu ndio ugonjwa unaoongoza kwa kubebeshwa mota.

Enkoda, mshukiwa asiyetajwa

Katika sukani za G25 na G27, enkoda ni kisahani chembamba cha plastiki chenye meno, kimebanwa kwenye shafti ya mota moja. Meno hayo hupita katikati ya taa ndogo na kihisi cha mwanga. Kihisi hutoa ishara mbili zinazopishana kidogo, na kwa kuangalia ipi imetangulia chipu inajua upande wa mzunguko.

Ukikifungua kifuniko cha nyuma na kukimulika kwa tochi ya simu, kisahani chenyewe unaweza kukiona kizima. Kishike kwa kibano na ukigeuze polepole. Karibu na tundu la katikati, pale kinapobana shafti, utaona mstari mwembamba kama unywele. Plastiki imepasuka pale. Bado inakaa kwenye shafti, inazunguka nayo usukani ukienda polepole, lakini mota ikigeuka ghafla inateleza kidogo. Kila kuteleza ni nyuzi chache zinazopotea. Baada ya mizunguko michache, gari linakwenda moja kwa moja huku mikono yako imeinama kushoto, na nguvu ya kurudisha katikati inakuvuta mahali pasipo katikati.

Kujua bila kufungua, tumia kompyuta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika joy.cpl, chagua usukani na utazame alama ya mzunguko. Zungusha polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Alama iende bila kuruka. Sasa zungusha kwa ghafla mara kadhaa kulia na kushoto, halafu rudisha usukani palepale ulipoanzia. Alama isiporudi mahali pake, kuna hesabu inayopotea. Vumbi kwenye kihisi linaweza kuleta dalili hiyohiyo, na kwa vumbi letu la Nairobi nashauri upulize na kusafisha kwanza. Kama kisahani kimepasuka, mafundi huweka cha chuma chenye idadi ileile ya meno. Gundi naiona kama kupoteza muda: tone dogo likitambaa hadi kwenye meno, umeongeza tatizo la pili.

Sasa mota yenyewe

Umefika hapa kwa sababu adapta imepita na enkoda imepita. Chomoa umeme na USB, ngoja dakika chache kapasita za bodi ziishiwe, kisha chomoa plagi ya mota kwenye bodi. Usipime mota ikiwa bado imeunganishwa, maana mita itasoma bodi pamoja nayo.

Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme), na uguse nyaya mbili za mota ya kaboni. Utapata omu chache. Zungusha shafti polepole kwa vidole. Namba itachezacheza, na hilo ni la kawaida kwa kuwa kaboni zinahama kutoka kipande kimoja cha shaba hadi kingine. Lisilo la kawaida ni namba kupotea kabisa shafti inapofika mahali fulani. Hapo kuna kipande kilichokufa au kaboni isiyogusa. Mota ya namna hiyo huwa na nguvu leo na kesho haina, kulingana na iliposimama. Gusa pia waya mmoja na gamba la chuma la mota: mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, koili imegusa chuma.

Usukani wenye mota mbili unakupa zawadi: pima zote mbili ulinganishe. Moja ikiwa nzima na nyingine mbovu, nguvu hupungua bila kuisha.

Kuna kipimo kisichohitaji mita, nami nakipenda kuliko vyote. Zungusha shafti ya mota iliyochomolewa, ihisi. Kisha gusanisha nyaya zake mbili na uzungushe tena. Mota nzima itakuwa nzito ghafla, kwa sababu umeme inaozalisha unarudi ndani yake na kupinga mzunguko. Usipohisi tofauti, njia ya umeme ndani imekatika. Ukihisi mota inajikwaa mahali pamoja tu, umepata kipande kibovu.

Mota mbovu si lazima itupwe. Fungua masikio ya chuma yanayoshika kifuniko cha nyuma, ukitangulia kuweka alama ya jinsi kilivyokaa. Ndani utakuta unga mweusi wa kaboni. Unga huo unapitisha umeme, na ukijaza mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba unatengeneza shoti ndogondogo zinazokula nguvu na kuleta joto. Safisha kwa spiriti safi na mswaki laini, pitisha kijiti cha meno kwenye kila mfereji, futa, acha ikauke kabisa. Tazama urefu wa kaboni na nguvu ya springi zake. Kama shaba imechimbika mfereji mpana pale kaboni zinapopita, hapo nakubali: mota imekwisha.

Kwa mota isiyo na kaboni, kama ya T300 na zile zisizo na gia wala mkanda, nyaya ni tatu. Pima jozi zote tatu. Omu ziwe sawa. Jozi moja ikitofautiana na wenzake, koili ina kasoro. Zaidi ya hapo usiendelee kufungua. Mota hizi hutegemea kihisi kinachojua sumaku iko wapi hasa, na ukikisogeza kidogo mota itatetemeka au kukosa nguvu hadi ipangwe upya kwa programu ya mtengenezaji. Kama dhamana bado ipo, mrudishie muuzaji.

Bodi ikiwa mkosaji

Mota imepita, adapta imepita, lakini usukani unavuta upande mmoja tu, au adapta inajizima kila unapowasha. Hapo zitazame zile transista nne. Transista ya nguvu ikiungua mara nyingi hugeuka kuwa waya: inapitisha umeme muda wote bila kuamrishwa.

Dalili nzuri huonekana umeme ukiwa umezimwa. Zungusha usukani kwa mkono kulia, kisha kushoto. Ukiwa mzito upande mmoja kuliko mwingine, shuku transista yenye shoti, kwa kuwa inaifungia mota njia ya umeme kuelekea upande huo pekee. Chomoa plagi ya mota ujaribu tena. Ukilegea sawa pande zote, kosa liko kwenye bodi. Ukibaki mzito, tafuta kwenye beringi, gia au mkanda. Kwa mita, ukikuta transista inasoma karibu sifuri omu pande zote mbili za vipimo, toa uweke nyingine yenye namba ileile.

Kabla ya kuweka mpya, hakikisha ni nani aliyemuua mwenzake. Mota yenye shoti huchoma transista, na ukibadilisha transista bila kuigusa mota utaichoma hiyo mpya siku ileile. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutonunua mota kwa kukisia: mota yenye ukinzani mdogo kuliko ya awali inavuta mkondo mkubwa zaidi, na bodi haikuundwa kuubeba. Ukinunua mbadala, volti, ukinzani, unene wa shafti na ukubwa wa gamba vyote vilingane.

Nguvu inayofifia si mota inayokufa

Wengine huja na lalamiko tofauti: usukani una nguvu dakika 20 za kwanza, kisha unalegea, ukipumzika unarudi. Hilo ni joto. Joto la mota hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukiongeza nguvu mara mbili joto linaongezeka mara nne. Shaba nayo huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni ongezeko la kama asilimia 29. Sumaku hudhoofika kidogo kadiri zinavyopata moto, na sukani nyingi hupunguza mkondo zenyewe ili zisiungue.

Barabara za rali, zenye mawe na matuta kama yale ya Naivasha, huichosha mota zaidi kwa sababu inageuzwa kulia na kushoto bila kupumzika. Sikiliza feni kama usukani wako unayo. Ikiwa imenyamaza kwa vumbi, hiyo ndiyo kazi ya leo. Usiweke kitambaa juu ya matundu ya hewa, na shusha kiwango cha nguvu kwenye gemu. Harufu ya rangi inayoungua ni habari nyingine: zima mara moja, maana ni kihami cha koili kinachoyeyuka.

Siku ya kuwasha baada ya matengenezo, funga usukani kwenye meza kwa vibano vyake, na mikono usiiweke katikati ya spoku. Ukijipima sawa, weka nguvu ya gemu kwenye asilimia 30 na uendeshe polepole. Ukiona unakusukuma mbali na katikati badala ya kukurudisha, angalia kwanza kama gemu imegeuza upande wa nguvu kwenye mipangilio. Kama haijageuza, nyaya mbili za mota zimebadilishana nafasi: zima, zirudishe, washa tena. Endesha nusu saa, gusa gamba la usukani juu ya mota, na kama unaweza kuacha kiganja hapo bila kukitoa kwa moto, panda hadi asilimia 50.